Komeo la Feo

Yalisalia mashairi saba, na la saba limeliwa na panya
kuanzia katikati. Ndiyo mali yote ya Feo wa Roccasparta,
aliyekufa kabla ya tauni, au ndani yake, hatujui.
Sanamu yake pale uwanjani ina pua ya baba mkwe wa mchongaji.
Hilo tunalijua. Risiti ninayo.

Mimi ni karani wa nyaraka za manispaa,
saa tatu hadi saa saba,
chumba kimoja juu ya ofisi ya maji.
Watoto wa mji huu hukariri ubeti mmoja
kabla hawajang'oka meno:

    Kwangu hapana komeo, ingia bila ya hodi;
    wapita upepo leo, nawe fuata baridi.

Sista Orsola aliunakili kwa wino wa mwaloni,
na pembeni, kwa herufi ndogo kama chawa, akaongeza:
mlango ni moyo, mgeni ni Bwana.
Baridi hakuieleza. Alikuwa na miaka kumi na tisa,
na chumba chake, nilikwenda kukitazama,
kilikuwa kikifungwa kwa nje.

Padri Callisto, karne tatu baadaye,
alilikwangua neno *ingia* kwa kisu,
akihofu mgeni si Bwana bali mke wa mtu.
Inua ile ngozi dirishani:
pale alipokwangua panapitisha mwanga,
na ndilo neno pekee unaloliona ukiwa mbali.

Babu wa babu yangu aliusikia ukipigiwa kelele sokoni:
mlango ni Italia! Wasiobisha hodi ni Waaustria!
Na komeo, enyi vijana, komeo ni sisi!
Wakateremka bondeni kumi na mmoja,
na bunduki za kuwindia kware.
Wanne walirudi.

Kisha mashati meusi. Kitabu cha shule cha enzi ile
kina picha ya Feo, kidevu mbele, ngumi imekunjwa,
na chini yake swali:
*Ni milango ya nani tutakayoingia bila ya hodi?*
Mama yangu aliandika: ya shangazi, maana ana asali.
Viboko viwili.

Juzijuzi tu, Vallerotta walitufunga sita bila
na mashabiki wao wakatundika bango nyuma ya goli letu:
KWANGU HAPANA KOMEO.
Ivo, kipa wetu, alilia.
Mimi, Mungu anisamehe, nilicheka.
Hakuna fasiri nyingine iliyowahi kueleweka
na uwanja mzima kwa mara moja.

Februari bomba likapasuka, nikawa naokoa masanduku.
Katika moja, chini ya kodi za chumvi,
daftari la mhunzi, Lippo jina lake:

Majembe mawili, abati. Yamelipwa.
Viatu vya nyumbu. Vimelipwa.
Komeo la mlango, Feo mwandishi.
Hajalipa. Nimelibandua.

Nikakaa sakafuni, maji yakinilowesha soksi.
Karne saba za moyo, za taifa, za ngumi,
na mwenyewe alikuwa anasikia baridi.

Fosco wa duka la vyuma, anayejidai ni ukoo wa Lippo,
alitoa kalamu akapiga hesabu nyuma ya kalenda.
Kufa hakuondoi deni, alisema.
Dawa ya deni kulipa. Na riba je?
Akafika tarakimu ya tisa, wino ukamwishia.

Lakini Bi Assuntina,
ambaye mlango wake haujafungwa
tangu mwanawe aende migodini Ubelgiji,
yeye hakucheka. Alipangusa meza iliyokwisha pangusika,
akaniuliza:
*Na aliingia nani?*

Sijapata la kumjibu.
Daftari liko juu ya kiti, linakauka.
Kila mtu akija kulipa bili ya maji huko chini
mlango unafunguka,
na kurasa zinajigeuza.